Kambale Itangoja

Mujukuu wangu Ngoie,

Huku Kamina tuko bazima bote. Mama yako anavuna mahindi akiimba, na mbuzi wetu alikula kofia ya katekista, tungali tunacheka.

Unaniandikia kwamba profesa yako amepanua utafiti yako: si tena bavuvi ba mugini moja, ni ba ziwa Kisale yote, na wakati iko ileile. Unauliza uanzie wapi.

Wakati nilikuwa musichana kule Kinkondja, pembeni ya ziwa hiyo, siku moja tuliwasha moto kidogo tu ya kukausha samaki. Mitumbwi ikarudi imejaa mpaka juu! Sisi basichana tukakimbilia kambale, sababu njo mikubwa. Kambo yangu, mama ya mama yangu, akacheka: « Muache kambale! Ingali inapumua. Muifunike na majani yenye maji, itangoja mpaka kesho. Hii midogo imeshakufa, muanze nayo. » Hata samaki moja haikuoza.

Vitabu yako njo kambale, Ngoie. Bazee benye kukumbuka ziwa ya zamani, hapana, bao habatangoja. Anza nabo. Minyi pia ningali napumua, lakini usinifunike na majani. Njoo.

Kambo yako, mwenye kukupenda na mwenye haraka