Kanda ya Hamsini na Nane

Chaani, Jumanne, Julai 1992

Tangu alfajiri ni rasharasha tu, na baridi ya kusi imeingia mpaka kwenye mito. Nguo nilizoanika jana bado mbichi. Mdomo wangu mchungu kama wa mtu aliyetafuna dawa ya malaria bila maji.

Leo nimesamehewa.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nimekaa kitandani na daftari hili magotini, najiona mchafu, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia kwa nini. Basi nitaandika.

Kazi yangu inajulikana kuanzia hapa Chaani mpaka Port Reitz. Mimi ndiye Mwanasha wa mashine. Wanawake wanapokuwa na arusi yao ndani, mlango umefungwa na mabuibui yametundikwa ukutani, mwanamume hawezi kuingia kuwapigia muziki. Wanaume wenye mashine huketi nje nyuma ya pazia wakibahatisha, wanapiga nyimbo za polepole watu wakitaka kucheza, na wanachangamsha wakati bi arusi analia. Mimi huingia ndani. Nina deki mbili za kanda, amplifaya, spika mbili, maikrofoni moja, na sanduku la mbao lenye vyumba mia na arobaini, kila kanda na chumba chake. Vyote hivyo hupanda mkokoteni mmoja. Miaka saba nimekula kwa sanduku hilo, tangu niliporudi kwa mama na talaka yangu.

Kanda zangu hazina majina, zina namba tu. Wapiga mashine wenzangu hawana haya. Kuna mmoja wa Kisauni alimtuma dadake aje arusini kama mwalikwa, kumbe ana karatasi mkobani, ananakili kila jina la wimbo analoliona kwenye jalada. Siku ile ile niliyabandua majina yote. Kilichomo kwenye kila kanda nimekiandika kwenye daftari jingine ambalo halitoki chini ya godoro langu. Kanda ya 41, upande wa pili, kaunta ikifika 217: wimbo wa kumtoa bi arusi. Naweza kuichomeka kanda kalamu nikaizungusha hewani mpaka ifike karibu na wimbo ninaoutaka, kabla sijaitia kwenye deki. Najisifu, lakini ndivyo ilivyo.

Kanda ya hamsini na nane haina wimbo wa kununua.

Mwaka jana, baada ya Alasiri, katika nyumba moja ya Port Reitz, Bi Rehema alikuwa akimfunda bi arusi mbele ya wanawake. Bi Rehema ndiye somo wa sehemu hizi, anayewafundisha mabi arusi mambo ya unyumba, na mimi mwenyewe ndiye aliyenifunda. Ni mtu mzima sana sasa, mwembamba, lakini akifungua kinywa chumba kizima hunyamaza. Mafunzo yake huyaimba. Huimba ya chumbani, ya jikoni na ya mawifi, na hutaja watu kwa majina, hata marehemu mumewe na udhaifu wake wote, na wanawake hucheka mpaka wakashika mbavu. Hayo hayatoki mle ndani. Hakuna anayeapishwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba yanaweza kutoka.

Siku hiyo watu walikuwa wengi na wa nyuma hawasikii, wakamwomba ashike maikrofoni yangu. Sauti yake ikawa inapita kwenye mashine yangu. Deki ya kulia ilikuwa na kanda tupu ndani. Nikabonyeza vile vifungo viwili vya kurekodi kwa pamoja.

Sikumwuliza mtu.

Kwa muda mrefu nimejiambia kwamba nilitaka kuihifadhi ile sauti, kwamba Bi Rehema ni mzee na siku moja hatakuwapo. Ni maneno ya kujipaka mafuta. Ukweli ni kwamba kila kanda niliyo nayo, mtu mwingine anayo. Wa Likoni anayo, wa Kisauni anayo. Hii ilikuwa yangu peke yangu. Nilifika nyumbani nikavunja vile vimeno viwili vya mgongoni mwa kanda, ili mtu asiweze kurekodi kitu juu yake, nikaipa namba. Nimeisikiliza mara nisizoweza kuhesabu. Kaunta ikifika 304 anakohoa, anaomba maji, na bilauri inasikika ikigonga maikrofoni.

Masika yaliyopita deki yangu ya kushoto ikaanza kula kanda. Mdogo wangu Hamisi ana duka la kurekodi kanda kule Magongo, nikampelekea zilizochakaa anitolee nakala. Kwenye karatasi nilimwandikia: kuanzia hamsini na mbili mpaka sitini. Ulikuwa uvivu tu wa kuandika moja moja. Hamsini na nane ilikuwa humo katikati, na ni mikono yangu hii iliyoitia mfukoni pamoja na nyingine. Nimejiuliza mara nyingi kama kweli nilisahau. Huenda nilitaka mtu mmoja tu aisikie aniambie, dada, hii umeipata wapi.

Hamisi aliisikiliza kidogo tu akajua ameshika nini. Alinirudishia kanda zangu zote, lakini hamsini na nane alikuwa ameshaitolea nakala za kuuza. Haukupita mwezi ikawa inapigwa kwa kinyozi, Magongo, na wanaume wanaosubiri zamu wanamcheka marehemu wa watu. Mwanawe Bi Rehema, anayefanya kazi bandarini, alikuwa amekaa kwenye kiti, povu limejaa shavu moja. Akamsikia mamake. Aliinuka akaenda nyumbani na povu lake vile vile.

Nilimfuata Hamisi dukani.

"Hamisi, umenimaliza."

"Dada, watu waipenda. Wallahi hata watu wazima waja kuiulizia."

"Nilikupa unitolee nakala. Sikukupa uuze."

Hakuniangalia. Alikuwa akisugua ndani ya deki kwa pamba yenye spiriti. "Na wewe alikupa nani? Sauti yenyewe si yako, dada."

Sijasema naye tangu siku hiyo. Mama anadhani nimekasirika kwa sababu aliuza. Angekana, au angeniomba radhi, ningekuwa nimeshamsamehe. Alinijibu neno la kweli, wala hakuinua sauti, akaendelea kusugua deki yake.

Na mimi hakuna aliyenitukana. Watu wetu hawatukani. Walianza tu kunisalimia kwa adabu kuliko zamani, na hapo nikajua yamenifika. Arusi ya mwezi wa tano nikaambiwa imeahirishwa, kisha nikasikia imefanyika. Jumamosi iliyopita nilifika Magongo na mkokoteni wangu, mwenye shughuli akatoka mpaka barazani na kuufunga mlango nyuma yake.

"Mwanasha, mwanangu, leo tumeona tupumzike na mashine. Lakini usende mikono mitupu. Twaa."

Akanipa sahani ya pilau iliyofunikwa kawa. Nilirudi nayo nyumbani, mkokoteni mbele, mimi nyuma na sahani yangu, watu wananitazama. Sijawahi kukichukia chakula kama nilivyoichukia pilau ile. Niliila yote.

Lililo baya zaidi ni kwamba Bi Rehema aliacha kuimba. Mjukuu wake anaolewa Ijumaa hii, na alikuwa ameshasema kwamba hatamfunda, atafutwe somo mwingine. Msichana amelia siku tatu. Hayo nimeyasikia kwa watu, maana kwenda kwake mwenyewe nilikuwa sithubutu.

Jana akanitumia salamu. Niende, na niende na kanda.

Asubuhi nilifungua sanduku. Nikaitoa hamsini na nane, nikaishika. Halafu nikaitoa thelathini na moja, ya taarabu, ambayo deki ilikwisha kuila na haifai kitu. Nikaibandua namba yake. Nikakata kikaratasi kipya, nikaandika 58 kwa mwandiko wangu mzuri, nikakibandika, nikakisugua kwa kidole cha gumba kisionekane kipya. Kazi hiyo niliifanya taratibu, kama ninavyofanya kila siku.

Nilimkuta Bi Rehema barazani kwake, ameketi juu ya mkeka, anasuka ukili wa mkeka mwingine.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umekuja nayo?"

Nikaanza kuomba radhi na machozi yakanitoka. Yalikuwa machozi ya kweli, hilo naweza kuapa. Alinyoosha mkono.

"Nshasikia. Nshakusamehe. Nipe."

Nikampa. Aliitazama namba, akaigeuza upande wa pili. Hakutaka kuisikiliza. Kwake hakuna redio ya kanda, na hilo nilikuwa nimelifikiria kabla sijatoka nyumbani. Akaingiza ukucha, akaunasa utepe, akaanza kuuvuta. Aliuvuta mpaka ukamjaa mapajani, mweusi, unang'aa, kisha akachukua mkasi wake wa ukili akaukata, fungu kwa fungu, bila haraka. Mimi nimekaa pale naangalia taarabu ikikatwa vipande.

Sijui nini kilichonisukuma kusema. Labda nilitaka dhambi yangu ionekane ndogo. "Bi, na hizo zilizo nje je? Hamisi ameshauza nyingi."

"Zilizo nje haziko mikononi mwako, wala mwangu," akasema, mkasi haujasimama. "Hao wa kwa kinyozi hawanijui. Wewe n'likufunda mimi. Hii yako ndiyo n'liyokuwa naitaka."

Alipomaliza alikusanya vile vipande ndani ya kipande cha gazeti, akakunja, akamwita bintiye ndani.

"Rukia!"

"Abee, mama."

"Ijumaa Mwanasha yuwaja na mashine yake. Nami n'taimba."

Rukia, mamake bi arusi, alitoka akanishika mikono yote miwili. Alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia, na Bi Rehema alikuwa amesharudi kwenye ukili wake.

Njiani kurudi, wanawake watatu wamenisalimia, na mmoja ameniuliza kama nina nafasi mwezi wa nane. Habari hapa Chaani ina mbio kuliko miguu yangu. Unga nilikuwa nimeumwaga, na leo nimeuzoa wote, hata punje haikubaki chini.

Na hamsini na nane iko ndani ya sanduku, kwenye chumba cha thelathini na moja. Nimeshasahihisha daftari.

Kwake ni nyumba kumi na mbili kutoka hapa. Naweza kwenda kesho nikamwambia, Bi, ile haikuwa yenyewe. Najua hatapiga kelele. Atanyoosha mkono tu kama alivyounyoosha leo. Lakini Ijumaa hataimba, na mjukuu wake atatolewa bila sauti ya bibi yake, kwa hiyo nimejiambia kwamba ninanyamaza kwa ajili ya yule msichana. Tazama nilivyo mwepesi wa kupata udhuru. Hamisi hata hakutafuta.

Nimejiwekea ahadi: Jumamosi, arusi ikishapita, nitampelekea kanda yenyewe na nitamwambia yote, likawalo na liwe. Nimeliandika hapa ili nisijitie hamnazo baadaye.

Lakini tangu Magharibi nina wazo jingine, na nikilifukuza linarudi. Ijumaa Bi Rehema atamwimbia mjukuu wake. Hajawahi kuimba kama atakavyoimba siku hiyo, na huenda asiimbe tena. Atashika maikrofoni yangu, na deki ya kulia itakuwa kando ya goti langu.

Sasa hivi nimeinuka kitandani nikafungua mtoto wa meza, nikaangalia kama nina kanda tupu. Ninayo moja, ya dakika tisini. Haijafunguliwa.