Taa ya Shimoni

Jumapili, Sengerema

Kumbe si bomu. Tangu juzi nilipokifukua kitu hiki nikipalilia mihogo karibu na mgodi wa zamani, mume wangu amekuwa akinisihi nikakitupe kule kule shimoni.

Leo amekuja shangazi yake, Kabula. Alipokiona kile kikopo cha shaba chenye sahani ndogo mbele, alikaa chini.

"Hii ni taa," alisema. "Baba alikuwa anashuka nayo mgodini. Chini unaweka kabaidi, juu unaweka maji."

Fundi jirani anayechomelea madirisha akatugawia kipande cha kabaidi, lile jiwe linalotoa gesi likilowa. Niliogopa sana, nikawatoa watoto nje. Shangazi akafungulia maji kidogo, taa ikaanza kufoka kama nyoka, nikasogeza kiberiti.

Mungu wangu! Mwanga mweupe, jikoni kote. Miaka yote hiyo udongoni, na bado inawaka.

Mimi nilijua baba yake shangazi alifia mgodini. Leo ndiyo nimejua, kwa kuambiwa na shangazi, kwamba mwili wake haukutolewa. Yumo mle, hatua chache kutoka kwenye mihogo yangu, na sijui nitalishikaje jembe kesho.

Kama taa ilikuwa yake hatujui. Shangazi hakuuliza. Alisimama, akapiga goti mbele ya ule moto.

"Shikamoo, baba."