Kicheko cha Baba Kwenye Sidii ya Saba

Iyunga, Mbeya.
Jumapili, 24 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Evarista,

Pokea salamu zangu na za wifi yako Tumpe. Hujambo? Shemeji na Amos hawajambo? Lile goti ulilolilalamikia kwenye simu wakati wa Pasaka limepona, au bado unapanda ngazi kwa kulivuta? Sisi huku tu wazima. Mimi presha inanisumbua kidogo, dawa natumia. Tumpe amemaliza kuvuna viazi na sasa anatafuta mtu wa kugombana naye. Baridi ya mwaka huu imekawia kuondoka.

Mama ni mzima. Nimeitenga sentensi hiyo makusudi, ili uyasome yanayofuata bila kuogopa msiba.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa kalamu wakati tuna simu. Sababu ipo, utaiona mwishoni.

Jumanne ya wiki iliyopita Bertha alinipigia. Ni yule jirani yetu wa nyumbani, chini ya Tosamaganga, uliyekaa naye dawati moja. Siku hizi ni mwenyekiti wa jumuiya. Hakunisalimu.

"Silvester, njoo umchukue mama yako."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Nyumba ina mtu."

"Mtu gani?"

"Baba yako. Nimemsikia anacheka. Halafu nimemwona."

"Umemwona wapi?"

"Ndani ya televisheni. Na usinicheke, Silvester, nimekimbia nikaacha ndala moja."

Sikumcheka. Nimeandika habari kwa miaka thelathini na mbili na nimeshasikia watu wengi waliowaona marehemu. Kwa kawaida namwuliza mtu ilikuwa saa ngapi na yeye mwenyewe alikuwa amesimama wapi, na habari inaishia hapo. Bertha alijibu yote mawili bila kusita: saa tisa na dakika kumi mchana, mlangoni, mkono ukiwa kwenye pazia. Akaongeza kwamba jumuiya imekaa na kuamua: Ijumaa baada ya rozari watazichoma sidii zote za marehemu. Kesho yake nilipanda basi la alfajiri kwenda Iringa.

Niirudie habari ya sidii hizo, maana sehemu yake ilitokea ukiwa umeshaondoka. Zile kanda za Padre unazikumbuka: opera za vichekesho za Kiitaliano, watu wenye mawigi wanaoimba badala ya kusema, na kile kinanda kinachodonoa kama kuku. Ulikuwa mdogo, tunazitazama Jumapili mchana kwenye sebule ya mapadre, na Baba, mpishi wao, anakutafsiria kwa Kihehe huku akicheka kabla utani haujafika. Padre aliporudi kwao moja kwa moja alimwachia Baba kanda zote kumi na nne, pamoja na deki. Miaka mitano baadaye zilianza kuota ukungu. Baba akamwita Vitus, yule aliyekuwa akipiga video za harusi na kipaimara, azihamishie kwenye sidii. Hiyo ilikuwa Juni 2012, mwezi aliofariki. Deki ile ya kanda ikafa naye, na sidii zikakaa kabatini. Mwezi wa kwanza mwaka huu Tumpe alimpelekea Mama deki ya sidii ili atazame misa. Misa haitazami.

Nilifika nyumbani saa nane na nusu. Mama alinipokea vizuri, akanipa ugali na maziwa ya mgando, akaniuliza kama huku mvua ya Aprili iliharibu maharage. Ndala ya Bertha ilikuwa imewekwa juu ya dirisha.

"Hiyo ya nani?" niliuliza.

"Ya mwenyekiti. Miguu anayo ya kukimbilia, ya kuifuata hana."

Saa tisa kamili aliweka vikombe viwili vya chai mezani. Mimi nilikuwa nimeshapewa changu, kwa hiyo viwili vile havikunihusu. Kimoja alikiweka mbele ya kiti cha Baba. Akaingiza sidii kwenye deki. Ilikuwa imeandikwa 7 kwa wino mwekundu.

Sasa nakuandikia nilichokiona, kwa mpangilio nilivyokiona.

Picha ilikuwa imepinda pembeni na ina mistari inayopanda. Waimbaji walikuwa jukwaani, kwenye nyumba ya mzee mmoja bahili. Dakika ya tatu jogoo aliwika, na haikuwa kwenye opera. Dakika ya nne mwanamume alicheka. Evarista, kilikuwa kicheko cha Baba. Ule mvuto wa pumzi kwanza, halafu vishindo vitatu, halafu kikohozi. Kilitangulia kicheko cha watazamaji wa Italia kama nusu sekunde. Kiti chake kilikuwa mkono wangu wa kulia, kitupu, na sauti ilitoka mbele yangu.

Halafu taa za jukwaa zikazimwa, ikawa usiku kwenye mchezo, na kioo cheusi kikaonyesha chumba. Kilionyesha chumba hikihiki, dirisha lilelile, na mtu mwenye shati jeupe ameketi kwenye kile kiti, akiinama mbele. Niligeuka kutazama kiti. Nakiri kwamba niligeuka. Mama hakugeuka. Alikunywa chai.

Nilizima, nikatoka nje. Kisha nikaenda mjini kumtafuta Vitus.

Siku hizi anauza sola karibu na stendi ya zamani. Amenenepa. Nilipomtajia sidii ya saba alifunika uso kwa kiganja.

"Kaka Silvester, nilijua kuna siku mtakuja. Sikuwa na waya."

"Waya gani?"

"Wa kutoa picha kwenye deki kuingiza kwenye kompyuta. Nilimwambia mzee nitauagiza Dar, akasema hana muda wa kungoja Dar. Basi nikasimamisha kamera mbele ya televisheni, pale pale sebuleni, nikarekodi kioo. Kila kilichosikika chumbani kikaingia. Na kioo kikiwa cheusi, mliokaa mbele yake mnaonekana."

"Hukuwaambia wanyamaze?"

"Niliwaambia! Mzee akakubali vizuri kabisa. Akanyamaza dakika nne."

Tulicheka wote wawili. Kisha Vitus akaacha kucheka, akasema kwamba sidii hiyo ina kasoro nyingine, na kasoro hiyo si yake. "Kuna mahali mzee alinilazimisha nirudishe kanda nyuma. Mara tatu. Nikamwambia mzee, kamera inatembea, utaharibu. Akasema rudisha."

Alhamisi saa tisa nilikaa tena na Mama, safari hii mpaka mwisho. Kisa chenyewe nakueleza, maana hiki hukuwahi kukitazama. Padre alikileta mara yake ya mwisho kutoka likizo. Mzee bahili amemfukuza binti yake kwa sababu ameolewa na fundi wa kupaka rangi. Binti anarudi akijifanya dobi. Mzee anafungua mlango, anamwangalia, anamtambua, na kwa kuwa aliapa mbele ya mji mzima kwamba hatamsemesha, anampa mashuka afue. Anampa moja baada ya jingine, ili asiondoke. Hapo ndipo watazamaji wa Italia wanapocheka kuliko popote.

Baba hakucheka. Alisema, "Rudisha." Picha ikarudi mbio, mlango ukafungwa, ukafunguliwa tena. Yule mzee akamtazama binti. "Rudisha." Mlango ukafunguliwa mara ya tatu. "Rudisha." Vitus akasikika akiguna. Mlango ukafunguliwa mara ya nne, na wakati yale mashuka yanatolewa, Baba akasema kwa sauti ya kawaida, ileile aliyotumia kuomba chumvi:

"Verediana."

"Abee," Mama alijibu kwenye sidii. Na Mama aliyekuwa kando yangu, mwenye miaka themanini na mmoja, alijibu naye, "Abee."

"Mwambie Silvester amwandikie Evarista. Arudi nyumbani."

"Nitamwambia."

"Amwandikie vizuri. Kwa karatasi. Simu mimi siamini. Haya Vitus, endelea, twende kwenye harusi ya mchezo."

Ni saa moja na dakika kumi na tisa tangu sidii inapoanza. Maneno yanasikika bila shida yoyote. Niliyasikiliza mara nne, Tumpe ameyasikiliza, Bertha ameyasikiliza. Hakuna anayebisha.

Unakumbuka alichosema mwaka ule ulipoacha utawa ukaolewa huko Bergamo: usikanyage mlango wake. Alisema mara moja, mbele yangu, na mimi ndiye niliyekufikishia. Hilo nililifikisha upesi, barua ilitoka hapa siku ya pili.

Nilimwuliza Mama kwa nini la pili halikunifikia.

"Lilikufikia," alisema. "Nilikupigia Jumatatu yake. Nikakwambia baba yako ana barua ya kuandikiwa. Ukasema una kazi, utakuja Jumamosi."

"Baada ya msiba kwa nini hukuniambia?"

"Ungeuliza ushahidi. Wewe huamini kitu mpaka ukione kimeandikwa. Ningekuwa nao wapi?"

"Na tangu mwezi wa kwanza ulipoisikia sauti yenyewe? Si ungenipigia?"

Alikusanya vikombe. Alisema, "Nilishapiga," akaenda jikoni.

Kwa hiyo alikuwa akiicheza kila siku saa tisa, akingoja mmoja wetu aje akae mpaka dakika hiyo. Majirani walipoanza kuogopa hakuwaeleza. Alisema wakiogopa watamfikishia mwanawe habari, maana yeye mwenyewe akipiga anaambiwa Jumamosi.

Ijumaa wanajumuiya walikuja kumi na mmoja, na dumu la mafuta ya taa. Nilisimama mlangoni nikawaambia kwamba kabla ya kuchoma watazame. Walikaa sakafuni. Bertha alicheka wigi la yule mzee mpaka akafuta machozi kwa kanga. Kioo kilipokuwa cheusi na Baba akaonekana, hakuna aliyekimbia. Baba alipomaliza kusema, Bertha aliinuka akamwuliza Mama kama inafaa kumsalimia mzee. Mama akamwambia amsalimie, halafu achukue ndala yake. Dumu lilirudi na mafuta yake.

Nimerudi Iyunga jana. Kitu cha kwanza nilishusha lile boksi la daftari zangu za kazi kutoka darini. Unajua huwa sizitupi. Daftari la Juni 2012 lina jalada la kijani. Ukurasa wa tarehe kumi na moja, Jumatatu, una maelezo ya bei ya mpunga Kyela, jina la ofisa mmoja na namba yake. Chini kabisa, kwa mwandiko wangu: *Mama kapiga. Barua ya Baba. J'mosi.*

Jumamosi hiyo nilikuwa Tunduma. Lori lilikuwa limeungua karibu na mpaka. Hakufa mtu. Niliandika maneno mia nne, yakatoka ukurasa wa saba. Jumatano, tarehe ishirini, Baba alifariki. Tulikupigia wewe siku ya pili baada ya mazishi, kwa sababu sote, isipokuwa Mama, tuliamini kwamba Baba hakutaka uje. Na Mama, kila ninapokupigia mbele yake, anasukuma simu kwa mkono. Nilidhani ni hasira. Sasa najua alikuwa na neno lako mdomoni na hakutaka kulitoa kwa njia ambayo marehemu aliikataa.

Sijalala vizuri. Nikitazama taarifa ya habari na tangazo likaisha, kioo kikiwa cheusi kidogo, najiona mimi na kiti changu, shati jeupe. Tumpe anasema nimeanza kukohoa kama Baba. Nimemwambia ni baridi.

Sidii yenyewe sikuichukua, Mama hakuitoa. Vitus ametoa nakala, safari hii kwa waya, na nimeifunga humu ndani ya kitambaa. Sista Devota wa shirika lako la zamani anasafiri Septemba na amekubali kukuletea mkononi. Usiitazame ukiwa peke yako. Ukifika pale jukwaa linapokuwa giza, tazama upande wa kushoto wa Baba: kuna kigoda chako, kile cha miguu mitatu. Hakuna aliyekikalia, na chumba kilikuwa na watu watatu na viti viwili. Vitus anasema alitaka kukikalia akakatazwa.

Basi nifanye nilichotumwa. Evarista, Baba anasema urudi nyumbani. Amesema mwenyewe, akiwa na akili zake, Jumapili tarehe kumi Juni 2012, mbele ya mashahidi wawili. Barua yake imechelewa miaka kumi na tatu, miezi miwili na siku kumi na tatu tangu nilipoambiwa niiandike. Aliyeichelewesha ni mimi. Sina maelezo mengine ya kuongeza.

Nisalimie shemeji, na umwambie Amos babu yake alikuwa akicheka kabla ya wenzake. Mama anakusalimu; hii ni mara ya kwanza kunituma salamu zako tangu uolewe. Tumpe na Bertha wanakusalimu pia. Mungu akulinde barabarani na angani, na akufikishe mlangoni mwetu mchana, Mama akiwa macho.

Nilipokuwa naondoka jana saa tisa ilikuwa imekaribia, na alikuwa ameanza kupanga chai. Vikombe vilikuwa vitatu, na mimi nilikuwa nimeshapewa changu.

Kaka yako akupendaye,
Silvester