Kahawa Iliyokuwa ya Keki

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipotuacha. Uliondoka asubuhi, viatu vya kutokea vikiwa mguuni na futi kamba shingoni, tayari kwenda kupima madirisha ya watu. Moyo wako haukutoa taarifa. Tumelia, na tutalia tena, lakini leo tunataka kukupa habari za nyumbani, maana hukupenda mtu akusalimie halafu akae kimya.

Ulikuwa fundi wa mapazia, na madirisha mengi ya mji huu yamepita mikononi mwako. Hukumpunja mteja kitambaa. Mabaki uliyashona foronya ukawagawia majirani, na bi harusi aliyehamia chumba kitupu alikuta pazia lako limeshaning'inia. Ukishukuriwa ulikuwa unasema, "Nilikuwa napita tu." Ulikuwa unapita mbali sana, Mama.

Na ulipenda kahawa ya kukaa. Si ya kunywa umesimama jikoni, bali ya mezani, mtu mwingine akuletee. Mikahawa yako ilikuwa mitatu. Ule wa nyuma ya ofisi ya maji ulikuwa wa haraka, kati ya mteja na mteja. Ule wenye viti vya bustani ulikuwa wa umbea, wewe na mdogo wako. Ule wa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, ulikuwa wa kwako peke yako: meza ya dirishani, kahawa chungu isiyo na sukari, na mwenye mkahawa ambaye kila mtu anamwita Mama Vikombe. Mkahawa wa nne uliukataa mlangoni. Ulisema, "Watu waliotundika pazia likapinda vile, kahawa wataipikaje?"

Baba hukufanikiwa kumpeleka hata mara moja. "Kahawa ya nyumbani imekosa nini?" alikuwa anakuuliza, na hiyo ya nyumbani yenyewe hakuacha kuilalamikia, mara nyepesi, mara imeungua. Ulimzoea hivyo hivyo.

Wiki ile ya maziko, wageni walipotawanyika, Dada alimwambia Baba ahamie kwake. Chumba kipo na ameshakipaka rangi. Unamjua kifungua mimba wako, akishasema amesema. Baba alikuwa anakoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Nipeni mwaka," alisema. "Mwaka ukiisha mkanikuta nimeshindwa kujitunza, nitafunga mizigo mwenyewe, bila neno."

"Mwaka mmoja tu, Baba."

"Mmoja. Kwani nimeomba urithi?"

Tukuambie ukweli, miezi ya mwanzo alikuwa anashindwa. Asubuhi mkate na chai, jioni mkate na chai. Yeye aliyefufua friji za mji mzima, ya kwake ilikuwa na chupa ya maji na limau moja lililonyauka. Mganga hajigangi. Dada alikuwa anaifungua, anaifunga. Mwanao Kijiti naye alianza kuuliza nyumba ipangishwe au ifungwe tu. Tulijua kwamba kumtoa Baba mle ndani ni kumtoa kwako mara ya pili, na bado tulikuwa tunaelekea huko.

Kilichomtoa nje ni kazi yako. Mama Vikombe alituma ujumbe kwamba mapazia yake uliyamaliza, yalikuwa yamebaki vishikizo tu. Baba akavitia, akayakunja, akapanda ngazi zile kwa mara ya kwanza maishani, akayatundika mwenyewe. Yalipinda, Mama. Wateja walimwambia wazi. Kesho yake akarudi na pima maji, akayanyoosha, na Mama Vikombe akamkalisha kwa nguvu akamletea kahawa. Baba akaonja, akaonja tena.

"Hii naijua," alisema. "Mke wangu alikuwa ananiletea kwenye chupa, kila sikukuu inapokaribia."

Mama Vikombe akaweka sinia mezani. "Akuletee wewe? Shemeji, hiyo ilikuwa kahawa ya keki!"

"Keki gani?"

"Keki yenu ya sikukuu! Kahawa ya kulowekea zabibu. Kumbe mnywaji mwenyewe ndiye wewe! Ananunua chupa asubuhi, jioni namwona huyo anapanda ngazi na chupa tupu, anacheka. Anasema, nipe nyingine, mzee wangu ameshaimaliza."

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza. Akasema, ndiyo siku pekee anakunywa kahawa bila kulalamika, nimwambie nini?"

Baba alicheka mpaka akavua miwani, halafu akalia pale pale mbele ya wateja, bila kuona haya. Mama Vikombe alimwachia leso na kwenda kuhudumia meza nyingine.

Tangu siku hiyo nyumba haimshiki tena mchana kutwa. Anazunguka mikahawa yako yote mitatu kwa zamu. Nyuma ya ofisi ya maji wanamwita Mzee Barafu, kwa sababu aliwatengenezea friji yao ya maziwa. Kwenye viti vya bustani Mama Mdogo anamletea umbea, naye anajifanya hasikii, kisha anauliza, "Halafu ikawaje?" Kahawa bado anailalamikia. Mama Mdogo anasema hiyo ndiyo dalili ya afya.

Sikukuu ilipokaribia alitangaza kwamba keki ataoka yeye. Kijiti alicheka. "Baba, wewe na moto wapi na wapi? Maisha yako yote ni barafu."

"Friji ni jiko lililogeuzwa," Baba alimjibu. Hakuna aliyemwelewa, lakini alisema kama fundi, tukamwachia jiko.

Keki ya kwanza ilikuwa tofali. Kijiti alishauri iwekwe mlangoni, upepo usiupige mlango. Ya pili iliiva vizuri ila ikaumuka upande mmoja, upande mwingine ukalala. Baba akajilaza sakafuni na pima maji yake, akachungulia chini ya jiko, akasukumia kipande cha bati chini ya mguu mmoja, akaanza ya tatu. Zabibu zililala kwenye kahawa ya Mama Vikombe, mwenyewe akielekeza kwa simu, na ganda la chungwa alilikwangua kama ulivyokuwa unakwangua wewe, lile la juu tu. Wajukuu zako walikatazwa kukimbia sebuleni keki isije ikashuka.

Tuliila mezani, wote. Ilikuwa tamu na haikuwa yako. Tulikukosa sana siku ile, pengine kuliko siku ya maziko, na tuliomba kuongezewa.

Sasa mwaka umekwisha. Leo asubuhi Dada amefika na maboksi matupu garini, na wala hajatuambia ameamua nini. Amefungua friji akakuta mchuzi, mboga zilizooshwa, mayai, na keki nyingine ya leo, ya kukukumbuka. Amepita chumba hadi chumba kama mkaguzi. Shuka zimekunjwa, dirisha la chumba chenu liko wazi, pazia lako limefuliwa. Baba alikuwa amekaa mezani anamsubiri, mikono juu ya magoti.

"Haya, mwanangu. Toa hukumu."

"Umefaulu, Baba."

"Mbona uso ni wa aliyefeli?"

Dada alijaribu kucheka, ikashindikana. "Kwa sababu aliyefeli ni mimi," alisema. "Nilisema wewe huwezi kukaa peke yako. Baba, mimi ndiye siwezi. Tangu Mama aondoke silali. Kile chumba nilichokipaka rangi, naingia nakaa humo, nafunga mlango ili watoto wasinisikie. Nilikuwa nakutaka uje kwa ajili yangu."

Mama, mwaka mzima tumehangaika tukidhani tunamwokoa Baba, na mwanao wa kwanza alikuwa anazama kimya kimya mbele ya macho yetu. Wewe ungemwona. Sisi hatukumwona.

Baba hakumpa nasaha. Alimkatia keki, akamwekea kipande kikubwa kuliko haki yake, akakaa naye mpaka akamaliza. Kisha akaenda kwenye chumba cha Dada cha usichana, akatoa cherehani yako iliyokuwa kitandani, akatandika shuka safi.

Jioni hii shemeji yetu amepiga simu. Anataka kujua Baba atafika saa ngapi, wampikie nini. Dada ameipokea akiwa amejilaza kwenye kitanda kile, miguu ikining'inia kwa sababu kitanda ni kifupi, na Baba yuko jikoni anagongana na masufuria.

"Baba haji," amemjibu. "Mimi ndiye niliyerudi kwetu."

Wanaokukumbuka ni mumeo, binti yako kifungua mimba na mumewe, mwanao Kijiti, wajukuu zako wawili, mdogo wako wa pekee, na Mama Vikombe, ambaye si wa damu ila ameomba awemo, nasi tumeona ni haki yake.

Hatujakusahau, Mama, na siku za kukukumbuka hazitaisha.