Saini Niliyoiweka Baada ya Kufuturu

Mtaa wa Msasani,
S.L.P. 214,
Tukuyu.
15 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Yussuph,

Assalaam aleykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Sabrina na wanao wote. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia huwezi tena kumaliza kipindi umesimama ubaoni, na kwamba daktari wa huko Mtwara amekukataza kubeba ndoo. Natumaini unamsikiliza, maana nakujua.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu imewahi. Ukungu unakaa mpaka saa tano, nguo nilizofua Jumatano hazijakauka hadi leo, na barazani mafundi wote tunashona tumevaa masweta. Mama hajambo. Miguu inamsumbua asubuhi, lakini akishapigwa na jua kidogo anatembea mwenyewe hadi uani. Idd tuliila salama, ingawa nyumba ilikuwa kimya.

Kaka, ujumbe wako wa tarehe mosi niliupata. Ulikuwa na maneno matatu tu: "Umemuuza mdogo wetu." Sikukujibu. Nilishika simu mara nyingi, nikaiweka. Kwenye simu ungenikatisha, mimi ningelia, na tusingefika popote. Kwa hiyo leo nimefunika cherehani nikaamua kukuandikia. Naomba uisome yote, kisha useme unalotaka kusema.

Mabwawa ya majitaka unayakumbuka, kule bondeni chini ya migomba ya Mzee Lazaro. Mwaka jana tulitangaziwa kwamba yatajengwa upya na kuongezwa, kwa sababu mji umekua na magari ya kunyonya vyoo yanamwaga mengi kuliko mabwawa yanavyoweza kubeba. Watu wa bondeni walikataa. Hawakuwa wakorofi. Bomba la kule linatoa maji siku mbili kwa wiki, siku zilizobaki ni kijito: wanafulia, wanaoshea vyombo, wanamwagilia mboga. Waliogopa kijito chao.

Ndipo mkandarasi akamwajiri mdogo wetu Husseni kuwa ofisa mahusiano. Wewe mwenyewe ulifurahi, ukasema sasa cheti chake cha maendeleo ya jamii kimepata kazi. Wote tulifurahi. Husseni akaja kwenye mkutano wa mtaa na ushauri: wananchi wachague mtu mmoja wanayemwamini, mtu huyo aelezwe kila kitu kila wiki, naye awaeleze wenzake. Watu wakaona ni neno jema. Mzee Lazaro, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa mtaa, akauliza nani. Husseni akataja jina langu. Wakapiga makofi, kaka. Nilirudi nyumbani nimejaa kama mtu aliyepewa cheo.

Tangu Januari ikawa hivyo. Kila Alhamisi Husseni ananiletea karatasi ya taarifa yenye mhuri wa mradi na jina lake chini. Kila Ijumaa asubuhi nashuka bondeni, nawasomea nyumba kwa nyumba. Wiki hii watachimba, wiki hii malori yatapita njia ya juu, harufu itakuwa kali siku tatu kisha itapungua. Na kweli ikawa inapungua. Watu wakaniamini zaidi. Zile karatasi nilikuwa nazibandika kwenye daftari langu la vipimo zisipotee, sikuwa na nia nyingine.

Alhamisi ya tarehe kumi na tatu Machi ilikuwa Ramadhani. Husseni alikuja kufuturu kwangu. Nilimpikia ndizi za nazi anazozipenda, na uji wa pilipili manga. Alikula vizuri, akamtania Mama, akaniachia karatasi ya wiki. Nilipoinuka kuosha vyombo akanifuata na karatasi nyingine, ameikunja, imebaki sehemu ya chini tu.

"Dada, weka saini hapa. Ni ya kuonyesha kwamba nimefika kwako."

Mikono yangu ilikuwa na sabuni. Nilijifuta kwenye kanga nikasaini. Ningeisoma ya nini? Ni mtoto niliyembeba mgongoni wakati Mama anakwenda sokoni.

Karatasi ya kuwasomea watu wiki ile ilisema kazi inaendelea vizuri, kijito hakijaguswa, wakazi waendelee kutumia maji kama kawaida. Niliisoma kwa sauti, nyumba kumi na nne.

Baada ya siku chache Sekela akapanda kunitafuta. Sekela unamjua, tulisoma darasa moja, analima chainizi na karoti kando ya kijito. Akaniambia maji yana povu na rangi imebadilika. Nikamjibu karatasi inasema ni salama, labda ni udongo wa mvua. Akashukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga," akashuka. Wiki iliyofuata akaja tena, akaniuliza vilevile. Nikampigia Husseni simu mbele yake. Husseni akasema ni udongo wa mvua. Nikamgeukia Sekela nikamwambia, unaona?

Mwezi wa nne ukaingia na kuharisha. Kwanza nyumbani kwa Ambwene kule bondeni, kisha nyumba mbili jirani yake, kisha Doreen wa Sekela, yule aliyemaliza ualimu mwaka jana. Homa ya matumbo ilimkamata vibaya, utumbo ukatoboka, wakampasua. Alilala hospitali siku ishirini na mbili. Nilikwenda kumwona na chupa ya uji. Alikuwa amebaki macho tu. Sekela aliupokea ule uji, hakuninyima mkono. Wakati ule hakuna aliyejua kitu.

Tarehe ishirini na mbili akaja bwana afya wa wilaya na faili. Akaita watu wa bondeni nyumbani kwa Mzee Lazaro, akauliza kwa nini waliendelea kutumia maji ya kijito wakati walishakatazwa. Wakasema hawajakatazwa na mtu. Akafungua faili, akawasomea. Katika wiki ile ya Machi mvua zilipasua ukuta wa bwawa la zamani, bwawa jipya lilikuwa halijaisha, mkandarasi akafungua bomba majitaka yaingie kijitoni. Na ilani iliandikwa: wakazi wasitumie maji hayo kwa kazi yoyote kwa wiki sita. Chini yake imeandikwa, imepokelewa na mwakilishi wa wakazi, ambaye atawajulisha wenzake. Halafu saini yangu.

Nilikuwepo, kaka. Nilisimama pale nikaiona saini yangu, ina hata alama ya maji ya vyombo pembeni. Watu waligeuka wote kunitazama. Hakuna aliyenitukana. Sekela alichukua kitenge chake akajifunga vizuri, akaondoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Husseni, alikuwa anapiga pasi. Nilitaka aniambie kwamba naye alidanganywa. Nilikuwa nimekwisha kumtengenezea udhuru njiani, kilichobaki ni yeye kuupokea. Hakuupokea.

"Ningefanyaje, dada?" akasema. "Mkubwa alisema watu wakiambiwa watafunga njia na mradi utasimama. Na ilani bila saini haiwezi kuingia kwenye faili."

"Ukaniletea mimi."

"Wewe ni mtu wao. Niliona ikijulikana, wewe watakusamehe. Mimi wasingenisamehe."

Alisema hivyo na pasi mkononi, taratibu, kama mtu aliyelifikiria jambo akaliona la busara. Ndipo nilipoelewa kwa nini alitaja jina langu kwenye mkutano ule wa kwanza. Sikumpiga, sikumlaani. Nilimwambia tu Doreen amepasuliwa tumbo. Akasema anajua, amesikitika sana.

Sasa nikueleze jambo ambalo naamini hukuambiwa. Mkutano wa hadhara uliitishwa Jumamosi ya tarehe tatu Mei. Siku mbili kabla, Husseni alikuja kwa Mama wakati mimi niko barazani. Niliporudi Mama akaniita nikae karibu yake. Akaniomba nikubali kosa. Nisimame niseme nilipokea ilani nikasahau, kazi za Ramadhani zilikuwa nyingi. Mtoto ndiyo kwanza amepata kazi, akasema, na mimi ni mkubwa, watu wananipenda, watasahau. Maneno yale yale. Nilimwuliza, na Doreen? Akasema Doreen amepona, Mungu ashukuriwe.

Kaka, sijawahi kumkatalia Mama jambo. Usiku ule na kesho yake niliyageuza maneno yake, nikajaribu hata kuyasema peke yangu nione kama mdomo utayatoa. Mdomo ulitoa. Lakini nilikumbuka nilivyomgeukia Sekela na simu mkononi nikamwambia, unaona? Nikajua nikisema nilisahau, nitakuwa nimemdanganya mara ya tatu, na mara hii kwa kukusudia.

Jumamosi nilikwenda na daftari la vipimo. Wakubwa walikaa chini ya turubai, mkandarasi mwenyewe na watu wa wilaya, na Husseni nyuma yao. Nilipopewa nafasi sikuhutubia. Nilifungua ukurasa nikasoma karatasi ya tarehe kumi na tatu Machi kama nilivyoisoma siku ile: kijito hakijaguswa, wakazi waendelee kutumia maji kama kawaida. Nikataja mhuri na jina lililo chini. Nikasema saini ya kwenye faili ni yangu, niliiweka bila kusoma, na kwa hilo nina kosa. Kisha nikampa Mzee Lazaro daftari likazunguka mkono kwa mkono.

Nilisema pia kwamba amri ilitoka juu ya Husseni. Nakuapia nililisema hilo mbele ya wote. Mkandarasi akasimama akasema yeye hana habari, kijana alifanya kwa akili yake. Sikuwa na karatasi ya kumkanusha. Nilimtazama Husseni nikimngojea aseme. Ningeungana naye palepale. Alinitazama mara moja, akapita nyuma ya turubai, akaenda zake.

Akafukuzwa kazi yeye peke yake. Hilo linaniuma, na sifichi. Bomba lilifungwa juma lile lile, wilaya ikaleta gari la maji safi kila siku mpaka kijito kilipopimwa, na mkandarasi bado yupo kazini, sasa chini ya msimamizi. Mama alikaa siku tisa hasemi nami. Ya kumi aliniomba chumvi. Mpaka leo jua likizama anauliza Husseni amekwenda wapi, nami namwambia yuko huko kwako Mtwara.

Wewe, kaka, ulisikia upande mmoja ukahukumu. Kwa hilo siwezi kujifanya sikuumia. Husseni alinitumia, Mama aliniomba niubebe uongo wake, nikajisemea moyoni, Yussuph akijua ataniuliza kwanza. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hukuniuliza. Maneno matatu.

Sekela alikuja wiki mbili baada ya mkutano. Nilidhani amekuja kunisamehe, nikamvutia kiti. Hakukaa. Alisema, "Hajira, mimi nilipopanda kukuuliza, nilikuwa nakuuliza wewe. Karatasi sikuiuliza." Ni kweli ningeweza kushuka nikayatazama yale maji kwa macho yangu. Ni mwendo wa dakika kumi. Doreen anatembea sasa, amekonda, anatafuta shule ya kujitolea huko Kisiba. Nilimshonea gauni la kiuno kilegevu lisimbane kwenye mshono. Sekela alilipokea, akasema ndaga.

Wakazi wamechagua watu wengine, watatu, na Sekela ni mmoja wao. Kila Jumatatu wanavaa mabuti, wanaingia wenyewe ndani ya uzio, wanaonyeshwa kila bwawa na kila bomba, ndipo wanatoka kuwaambia wenzao. Jina langu halikutajwa na mtu. Nilinyoosha mkono kuwapigia kura wote watatu.

Haya ndiyo yaliyotokea. Sikuombi uchague kati yetu, wote ni wadogo zako. Nakuomba jambo moja. Husseni akiwa kwako ametulia, mwulize ile karatasi aliikunja kwa nini. Usimkaripie. Mpe nafasi ajibu, kisha uniandikie alichojibu, hata kama ni kimya.

Mama anakusalimu na anataka picha ya mjukuu mdogo. Nisalimie wifi Sabrina, mwambie kitambaa chake nimekishona, nitakituma. Msalimie binti yako Rukia na uwaambie watoto wote shangazi yao anawakumbuka. Mzee Lazaro naye kasema nisimsahau.

Husseni simtumii salamu. Si kwa kumchukia. Kwa sasa zingekuwa za mdomoni tu, na za mdomoni nilishawasomea watu vya kutosha. Mpe chakula kizuri, mwangalie asilale bila kula, kifua chake hakipendi joto la huko. Zikinitoka moyoni nitamwandikia mwenyewe.

Mungu auponye mgongo wako na akulinde wewe na nyumba yako yote.

Ni mimi mdogo wako wa kike, ninayekupenda hata leo,

Hajira