Anakosea Palepale

Mwenzangu, uko?

Si unajua mwalimu wa piano alimwambia binti yangu akikosea asikimbilie mwisho, arudie palepale, polepole, mpaka vidole vizoee? Basi kila jioni namsikia anakosea, anarudia, anapatia. Mimi navimba kichwa!

Lakini nikaanza kujiuliza. Jana si alipatia? Mbona leo tena anakosea palepale?

Leo nikanyata hadi mlangoni, nikabana pumzi. Akakosea. Akarudia. Akapatia.

Halafu humo ndani nikasikia, "Hapo sawa mwanangu, endelea hivyo hivyo!"

Sauti YANGU. Na mimi mdomo nimeufumba!!

Nimefungua. Dirisha wazi, mtoto hayupo. Simu iko juu ya piano, inacheza mazoezi aliyorekodi, na mimi humo bado nampigia makofi.