Bei ya Tansy

Jela, Virginia Magharibi
Jumanne

Kwako Bibi yangu,

Mimi mzima, ila mkate wa mahindi wa humu hata nguruwe wako wangeususa. Kwenye karata nimewamaliza wote, sasa wananiita Profesa.

Bibi, nilimchukua yule mbwa Tansy kwa mzee Hobart bila ruhusa. Najua Babu alishamuuzia, lakini nilitaka Babu amsikie mbwa wake wa zamani akibweka mara moja tu kabla hajafumba macho. Wakanikamata njiani.

Kituoni askari akaniambia, "Kijana, kimbwa kizee hiki si kama dola mia tatu hivi? Hilo kosa dogo. Weka dhamana ya mia tano uende kwenu."

Alikuwa ananisaidia, Bibi. Mimi kichwa kikavimba. "Mia tatu? We afande vipi! Huyu kafunzwa kuwinda na babu yangu, Wendell Stidham mwenyewe! Hapungui elfu mbili!"

Akanitazama, akatikisa kichwa, akaandika. Hobart alipoulizwa akasema ndiyo, elfu mbili. Kumbe wizi ukipita elfu moja ni kosa kubwa. Dhamana ikapanda hadi elfu kumi na tano.

Usiweke nyumba rehani, nakuomba. Kesi ni mwezi ujao, na daktari alisema Babu amebakiwa na wiki moja tu.

Akiuliza niliko, usimfiche. Mwambie bei ya Tansy imeandikwa mahakamani kwa wino, elfu mbili, na hakuna aliyebisha.

Mjukuu wako mdomo mrefu,
Corbin